Likizo ya Juni na ndoo ya mchicha

Swali: Shule zinafungwa Juni. Wanangu wana miaka 7 na 10. Mimi nashinda kazini, wao wanashinda kwenye runinga. Nifanyeje? – Mama, Dar es Salaam

Jibu: Pole na kazi, mama. Anza na kitu kinachoota: mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo mwonyeshe yule mdogo kuzichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuzimwaga kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, zisirundikane. Siku chache tu zitachomoza, na wiki ya 4 mnachuma. Likizo inatosha kabisa! Mkubwa mpe daftari na rula, apime kila jioni na kuandika. Tafadhali usimsahihishie mwandiko. Ameshafunga shule.

Siku yako ya mapumziko wapeleke Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, wakaingie katika nyumba za asili za makabila mbalimbali. Kabla ya kwenda, wampigie bibi simu wamuulize nyumba aliyozaliwa iliezekwa kwa kitu gani. Runinga ipangieni saa yake. Na mchicha wa kwanza waupike wenyewe, wewe ukiwa hapo hapo jikoni.