Gawa Gari, Baki na Karakana

Kijana wa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, amekaa wiki tatu na kompyuta akiunda Kosta, basi dogo la kuendeshwa kwenye gemu ya simu. Vipimo vya madirisha amevichukua kwa macho barabarani, kwenye magari yanayopanda kuelekea Kinole na Matombo. Ameweka keria juu, vumbi jekundu kwenye matairi, hata mkungu wa ndizi karibu na mlango wa konda. Ijumaa usiku analirusha kwenye grupu la WhatsApp la wapenzi wa gemu za mabasi. Jumapili analikuta kwenye grupu jingine likiuzwa, jina lake limefutwa, kioo cha mbele kimeandikwa jina la mtu asiyemjua.

Wengi wakifikishwa hapo huapa kwamba hawatagawa tena kitu. Ila ufundi huu tumeupata kwa kugawana. Mabasi yetu yameingia kwenye Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu iliyotolewa na Maleo mwaka 2017, kwa sababu vijana waliyaunda wakapeana. Hata Blender, programu ambayo wengi tunaundia, ni ya bure, na tangu 2002 yeyote anaweza kuifungua aone ilivyotengenezwa. Basi tusiache kugawa. Tujue tu cha kutoa na cha kubaki nacho.

1. Anza na daftari

Mali bila daftari huisha bila habari. Kila siku ya kazi hifadhi faili jipya lenye namba yake: kosta_01, kosta_02, kosta_03. Usifute la jana. Piga picha za skrini gari likiwa bado mistari mitupu, halijapakwa rangi. Mwizi anaweza kuonyesha gari zima, lakini hawezi kuonyesha siku lilipokuwa na ubavu mmoja na halina milango.

Weka nakala moja kwenye fleshi na nyingine mtandaoni. Siku ya kumaliza, jitumie faili kwa barua pepe. Tarehe ya kompyuta yako unaweza kuibadilisha mwenyewe, kwa hiyo mbishi hataiamini. Tarehe ya barua pepe imeandikwa pia na mtambo usio wako.

2. Ficha saini

Jina la kwenye kioo hufutwa kwa dakika mbili, na namba ya gari ndiyo ya kwanza kubadilishwa. Saini yako iweke mahali pasipotazamwa: chini ya kiti cha nyuma, ndani ya boneti, au kwenye kona ya skini, yaani picha inayovishwa gari, isiyofunika sehemu yoyote ya gari. Kosea pia kwa makusudi: gurudumu moja liwe na nati tano, mengine sita. Wachora ramani wamewahi kutumia hila hiyo, wakichora mtaa usiokuwepo ili wamnase anayenakili.

Unapowapa rafiki zako gari walijaribu kabla ya kulitoa, kila nakala iwe na alama yake. Wa kwanza mtungi wa kuzimia moto uwe kushoto kwa dereva, wa pili uwe kulia. Gari likivuja, utajua limepitia mlango upi.

3. Toa kilichofungwa tu

Grupu lipewe faili lililokwisha kuandaliwa kwa ajili ya gemu. Faili la Blender, na skini ambayo tabaka zake bado zimeachana, ndiyo karakana yako, hivyo havitoki. Usiitegemee nywila ya faili peke yake, maana ikishafika kwenye grupu la watu mia si siri tena, na kila kufuli lina fundi wa kulifungua. Kufuli humchelewesha mwizi tu, daftari ndilo litakalomshinda. Picha za kutangazia ziandike jina katikati ya ubavu wa gari, kwa sababu lililo pembeni hukatwa.

4. Sema unachoruhusu

Zamani Uluguruni, aliyelima ardhi ya ukoo mwingine alitoa ngoto, kitu kidogo cha kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Ngoto ya fundi wa magari ya gemu ni jina lake kutajwa. Lakini aliyepakua hawezi kujua masharti ambayo hukuyaandika. Weka ndani ya faili ukurasa mfupi wa Kiswahili: nani ameunda, lini, na nini kinaruhusiwa. Mfano: «Ruhusa kucheza, kurekodi video na kubadilisha rangi ukitaja jina langu. Hairuhusiwi kuuza, kupandisha upya wala kung'oa vipande.»

Ukitaka masharti yaliyoandikwa tayari, zipo leseni za Creative Commons. Mojawapo huruhusu kazi kutumiwa kwa kutaja jina bila kufanya biashara. Soma kwanza, maana ukishatoa kazi kwa leseni hiyo, aliyeipokea huwezi kumnyang'anya ruhusa.

5. Kagua mikono yako

Usukani umeutoa wapi? Viti je? Orodhesha kila kipande ambacho hukukiunda, mwenye nacho na ruhusa aliyokupa. Umbo ulilojenga ni kazi yako, lakini nembo ya kampuni ya mabasi uliyobandika ubavuni si yako. Ukitaka kuuza, kaombe ruhusa. Anayelia ameibiwa huku amekalia viti vya mwenzake hasikilizwi.

6. Ukiibiwa

Usianze na matusi grupuni. Mwizi atafuta kila kitu na ushahidi utakwenda naye. Kwanza piga picha za tangazo, bei, tarehe na anwani. Pakua nakala yake, hesabu nati. Kisha mwandikie faraghani, umpe siku tatu aondoe au arudishe jina.

Akikaidi, YouTube na Facebook zina fomu za malalamiko ya hakimiliki. Jaza ukweli mtupu, na ujue kwamba jina lako linaweza kumfikia unayemlalamikia. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inakulinda tangu unapoiunda kazi, hata kama hujaisajili. Hata hivyo, kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakuongezea ushahidi, hasa kama unauza.

Halafu rudi kazini. Gemu ikipata toleo jipya, magari mengi ya zamani hugoma: taa haziwaki, milango haifunguki. Wateja wa mwizi watamfuata awatengenezee. Yeye ana gari tu. Funguo za karakana ziko Bigwa.