Somo: Kuwatambua Samaki wa Ziwa Viktoria

Kwa chama kilichoko mbali na ziwa, kama vile Didia, samaki anunuliwaye bila kutambuliwa ni hasara ya wanachama wote.

Sangara, aliyepandikizwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, ana mdomo mpana, taya la chini lililotokeza na mkia wa mviringo. Sato naye aliletwa miaka ya 1950. Mkia wake una mistari ya wima iliyo wazi. Ngege, mwenyeji wa asili, hana mistari hiyo, na sasa ni adimu. Basi mnunuzi akitajiwa ngege, autazame mkia kwanza. Kambale hana magamba, na ana ndevu nane. Kamongo ana mapezi manne membamba mfano wa kamba.

Sheria yakataza sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya 25, kwani wengi wao hawajazaa hata mara moja. Mnunuzi wa chama achukue utepe wa kupimia, na kila aina iandikwe peke yake daftarini, jina na uzito. Shehena ikikamatwa, fedha inayopotea ni ya wanachama.