Dola Moja, Bei Mbili

Leo hapa Madale tujifunze hesabu ya fedha za kigeni. Mwaka 1985 dola moja ya Kimarekani ilikuwa na bei mbili hapa nchini. Benki ilitoa kama shilingi 17. Walanguzi walitoa zaidi ya 100.

Tumchukue mtalii mwenye dola 10. Benki angepata shilingi 170. Kwa mlanguzi angepata 1,000 na zaidi! Ndiyo sababu mgeni alijaza fomu ya fedha zake mpakani, na hotelini alidaiwa alipe kwa dola. Serikali ilizitaka dola hizo kununulia mafuta na dawa. Lakini tuseme kweli, nani angekubali 17 huku mwingine anatoa 100?

Mwaka 1992 sheria iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha. Ukienda huko na dola ulizoletewa na mwanao aliye ng'ambo, utaona namba mbili ubaoni. Hayo si magendo. Ndogo ni bei wanayonunulia, kubwa wanayouzia. Wewe unauza, basi utalipwa ile ndogo. Zidisha kwanza, halafu hesabu noti zako hapo hapo dirishani.

Zoezi: Ubao unasema 2,400 na 2,450. Unauza dola 20. Utapewa shilingi ngapi?