Kupanda mlima na mbwa: sheria yasemaje?

Ndugu Waislamu, hapa Ikola vijana huniuliza: yafaa kuzunguka milima iliyo juu ya Ziwa Tanganyika na mbwa wa ulinzi, kisha tukaswali?

Yafaa. Mbwa wa ulinzi, mifugo na mawindo ameruhusiwa. Suratul Kahf imemtaja mbwa wa Watu wa Pangoni.

Lakini kwa madhehebu ya Shafii mbwa ni najisi. Akikugusa nyote mkiwa wakavu, huna la kuosha. Akikulamba, osha mara saba, mojawapo kwa udongo.

Basi mchukulieni maji na chombo chake. Mtume (s.a.w.) alieleza habari za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kumpiga mawe si uchamungu.

Wallahu a'lam.