Hatari ya Kutokwa na Damu Nyingi Wakati wa Upasuaji wa Saratani ya Shingo ya Kizazi: Maelezo kwa Wakazi wa Mbau na Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Saratani ya shingo ya kizazi, yaani uvimbe mbaya unaoota kwenye mlango unaounganisha mji wa mimba na uke, huua wanawake wengi nchini Msumbiji, ilhali ikigunduliwa mapema huweza kuondolewa kwa kisu na mgonjwa akapona kabisa. Familia nyingi zinapoambiwa kwamba mama au dada yao atapasuliwa, hofu yao ya kwanza ni damu. Hofu hiyo ina msingi, lakini ni vyema ijulikane kwamba sehemu kubwa ya hatari huamuliwa kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji, na kwamba baadhi ya visababishi vyake hurekebishika hata katika kituo cha afya cha kijijini.

Upasuaji unaozungumziwa hapa si ule wa kuondoa mji wa mimba peke yake. Ni upasuaji mpana, ambao Ernst Wertheim aliuanza mjini Vienna mwaka 1898 na madaktari waliomfuata wakauboresha, na ambao huondoa mji wa mimba, shingo yake, sehemu ya juu ya uke, tishu zilizo kandokando ya shingo hiyo, na mara nyingi tezi za limfu za nyonga, yaani vijitezi vinavyochuja majimaji ya mwili na ambavyo saratani hupenda kuvivamia kwanza. Ugumu wake unatokana na mahali penyewe. Takriban sentimita 2 kutoka shingo ya kizazi, ateri inayolisha mji wa mimba hupita juu ya mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, kama daraja juu ya mto, na daktari hulazimika kuitenganisha miwili hiyo bila kujeruhi wowote. Chini zaidi iko mishipa ya vena yenye kuta nyembamba, ambayo ikichanika hujivuta ndani ya nyama na kuwa vigumu kuishika kwa koleo. Ndiyo maana damu ya vena, ijapokuwa haichuruziki kwa nguvu kama ya ateri, huwasumbua wapasuaji kuliko inavyodhaniwa.

Kutokana na maumbile hayo, ukubwa wa uvimbe ni jambo la kupewa uzito wa kwanza. Uvimbe mkubwa huwa na mishipa mingi mipya ya damu, huziba nafasi ya kufanyia kazi, na hurefusha upasuaji, na kila saa inayoongezeka huongeza damu inayopotea. Uvimbe unaozidi sentimita 4 kwa kawaida hautibiwi kwa kisu, bali kwa mionzi pamoja na dawa za saratani, na matibabu ya mionzi yalianza kutolewa nchini Msumbiji mwaka 2019, katika Hospitali Kuu ya Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara kutoka Mbau. Kinyume chake, utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba baadhi ya wanawake wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, na wasio na dalili nyingine za hatari, huweza kufanyiwa upasuaji mdogo zaidi bila saratani kurudi kwa wingi kuliko kwa waliofanyiwa ule mpana. Kwa hiyo kupimwa mapema, kwa siki maalumu inayopakwa kwenye shingo ya kizazi au kwa kipimo cha kirusi cha HPV kinachosababisha saratani hii, hakuokoi maisha tu, bali hupunguza pia kazi ya kisu chenyewe.

Jambo la pili, na kwa wanawake wa pwani hii pengine ndilo zito kuliko yote, ni upungufu wa damu, yaani hali ambapo himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya damu, imeshuka chini ya gramu 12 kwa desilita. Malaria, minyoo ya safura, uzazi wa karibukaribu na chakula kisicho na madini ya chuma hupunguza damu polepole kwa miaka, kisha saratani yenyewe, ambayo huvuja damu baada ya tendo la ndoa au kati ya hedhi na hedhi, huimalizia. Upungufu huo si lazima uongeze damu inayotoka, ila hupunguza damu ambayo mwili unaweza kuipoteza bila kudhurika. Mwanamke mwenye kilo 50 ana takriban lita 3 na robo ya damu mwilini, hivyo akipoteza lita 1 amepoteza karibu theluthi, na aliyeingia akiwa na gramu 8 yuko mahali tofauti kabisa na aliyeingia akiwa na 12. Vidonge vya chuma, dawa ya minyoo na tiba ya malaria huhitaji wiki kadhaa kufanya kazi, na saratani haisubiri, kwa hiyo havina budi kuanza siku ileile ugonjwa unaposhukiwa.

Yapo na mambo mengine yanayoongeza hatari. Unene wa kupindukia huwafanya wapasuaji wafanye kazi katika kina kirefu wasichokiona vizuri. Makovu ya ndani yaliyoachwa na upasuaji wa uzazi, na maambukizi ya nyonga yasiyotibiwa, hugandisha viungo pamoja hadi kuvitenganisha kunachana mishipa. Mionzi ya awali huacha makovu ya namna hiyohiyo. Kichocho cha mkojo, ambacho kimeenea kaskazini mwa Msumbiji, huacha mayai katika kuta za kibofu na shingo ya kizazi na kuotesha vimishipa visivyo vya kawaida vinavyotoka damu vikiguswa, hata pengine kikadhaniwa kuwa saratani. Wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI wana uwezekano wa mara 6 zaidi wa kupata saratani hii, na virusi hivyo huweza kupunguza chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, ndiyo sababu dawa za kuvifubaza zisikatizwe. Aspirini, dawa za kuyeyusha damu na dawa za mitishamba zitajwe zote kwa daktari, ambaye ndiye atakayesema ipi iachwe na lini.

Kwa mkazi wa Mbau, vita vilivyoanza wilayani kwake, Mocímboa da Praia, Oktoba 2017 viliongeza hatari ya namna nyingine. Hospitali ya wilaya iliharibiwa, watu walikimbilia Mueda, Pemba na kwingineko, na wengi walipoteza kadi zao za matibabu pamoja na nyumba. Mgonjwa anayesafiri kwenda Pemba au Nampula na ndugu mmoja tu anaweza kukosa mtu wa kumchangia damu. Chupa moja huwa na takriban mililita 450, na damu huhifadhiwa katika baridi kwa siku 35 hivi, kwa hiyo ndugu na majirani wenye afya wanaoishi karibu na hospitali waombwe kuchangia kabla ya tarehe ya upasuaji, si siku yenyewe.

Baada ya upasuaji damu huweza kutoka tena, hasa katika saa 24 za kwanza, na mara chache wiki kadhaa baadaye kidonda cha juu ya uke kinapofunguka. Matone machache ya rangi ya kahawia ni ya kawaida, lakini damu nyekundu inayolowesha kitambaa kizima ndani ya saa moja, kizunguzungu, mapigo ya moyo ya haraka au tumbo kujaa ni sababu ya kumpeleka mgonjwa kwenye kituo cha afya kilicho karibu usiku huohuo, akiwa na karatasi aliyopewa hospitalini inayoeleza alichofanyiwa.