Kijana na Huzuni Yake

Mtoto haamki siku moja akawa mtu mzima. Yuko njiani miaka mingi. Mwili hubadilika, sauti hubadilika, na moyo nao huenda huku na huku: asubuhi anacheka, jioni hataki kusemeshwa. Hayo si dhambi wala si uchawi. Ndivyo mtu akuavyo.

Bwana Yesu naye alipita njia hiyo. Alipokuwa na miaka 12 alibaki Hekaluni, na wazazi wake wakamtafuta kwa uchungu. Walipomwona siku ya tatu, Mama Maria alimwuliza sababu, akamweleza na uchungu wake mwenyewe. Kisha Yesu akarudi nao Nazareti, akawatii, akaendelea kukua.

Vijana wengi wa Rutshuru wamebeba mzigo mwingine juu ya ule wa umri wao. Mwezi wa Oktoba 2022 vita viliingia Rutshuru na Kiwanja. Watu wengi walikimbia, masomo yakakatika, wengine wakafiwa. Kijana aliyeona hayo akinyamaza, tusiseme upesi, "Huyu mvivu," au, "Huyu ana pepo." Tukimwambia, "Mwanamume halii," huzuni haitoki, hujificha tu. Naye aliyeificha huenda akaitafutia dawa katika pombe, katika ugomvi, hata katika bunduki.

Basi, wazazi na wasimamizi wa ubatizo wafanye nini?

Kwanza, wamwulize kwa upole, shambani au njiani, si mbele ya watu.

Pili, wamsikilize mpaka mwisho, bila kumkatiza.

Tatu, wampe kazi ya kweli nyumbani, ajue kwamba anahitajiwa.

Nne, majuma mawili yakipita naye hapati usingizi wala hataki kula, wampeleke kwa mganga wa hospitali. Lakini akisema afadhali kufa, wasingoje hata siku moja, wala wasimwache peke yake. Sala na dawa havigombani.

MASWALI

Je, kuhuzunika ni dhambi?
Sivyo. Yesu mwenyewe alihuzunika katika bustani ya Getsemani, akawaambia rafiki zake, akawaomba wakeshe naye.

Kijana mwenye huzuni afanye nini?
Amwambie Mungu katika sala, tena amwambie mtu mmoja anayemwamini.

Na yule aliyeambiwa afanye nini?
Akeshe naye. Rafiki za Yesu walilala, sisi tusilale.