Somo la Hudaibiya



Tumeulizwa darasani: je, yafaa Mwislamu kukaa kitako na kusemezana na aliyemdhulumu, naye hajarudishiwa haki yake? Hatuoni jawabu iliyo wazi kuliko yaliyopita Hudaibiya, mwezi wa Dhulkaada, mwaka wa 6 wa Hijra (628 Miladia).

Mtume (s.a.w.) alitoka Madina na Masahaba wapatao 1,400, wamevaa ihramu, nia yao ni umra. Makureshi wakawazuia. Na hawa ndio waliowatoa majumbani mwao, wakapigana nao Badri na Uhudi, kisha wakaja kuwazingira Madina. Lau kuna watu waliokuwa na udhuru wa kukataa mazungumzo, basi ni Masahaba wale. Wajumbe wakaenda na kurudi, hata akaja Suheil bin Amri kuandika sulhu.

Hapa twamwomba msomaji asipite mbio. Sayyidna Ali ameshika kalamu. Yakaandikwa maneno kuwa Muhammad ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Suheil akapinga, kwani wao hawakumkubali kwa hilo. Sayyidna Ali akaona uzito kulifuta. Mtume akalifuta mwenyewe, likaandikwa jina lake na la babake. Je, utume wake ulipungua? Haukupungua hata chembe. Nasi leo, tukitajwa bila ya "Sheikh" mbele ya jina, kikao kizima huharibika!

Vita visimame miaka 10. Waislamu warejee mwaka ule, waje mwaka wa pili kwa siku tatu. Na mtu wa Makka akikimbilia Madina bila ya idhini ya walii wake, arudishwe. Papo hapo akaja Abu Jandali, mwana wa Suheil huyo huyo, akijikokota na minyororo yake. Akarudishwa. Sayyidna Omar hakuweza kuyastahamili, akahoji. Na baadaye alikuwa akifunga na kutoa sadaka kwa maneno yake ya siku ile. Walipoamrishwa wachinje na wanyoe, hakuinuka mtu kwa huzuni. Ni Bibi Ummu Salama aliyemshauri Mtume atoke, asiseme na yeyote, achinje na anyolewe. Akafanya hivyo, nao wakamfuata. (Wasemao kuwa mwanamke hana shauri katika mambo ya umma, na wairudie habari hii.)

Njiani ikashuka Suratul Fat'hi, ikayaita hayo ushindi. Watu wakachanganyika, wakasikilizana pasi na upanga; Khalid bin Walid na Amri bin Aas wakaslimu. Na Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 wa Hijra, Suheil naye akaslimu.

Nasi je? Kila mwaka mwezi uandamapo, hawa wala Idi na hawa wamefunga. Khitilafu ya matlai ni ya kale, maulamaa wameizungumza kwa adabu. Lakini kwetu imefika ndugu wa tumbo moja kutopeana mkono. Wala hatujitoi katika lawama: tulipata kumpita mzee mmoja mlangoni mwa msikiti bila ya kumtolea salamu, kwa kuwa alifungua kwa mwezi usiokuwa wetu. Juzi tulikwenda kwake. Akatutilia kahawa, tukazungumza hata alasiri. Yeye hakuiacha rai yake, wala sisi hatukuiacha yetu. Ilipoadhiniwa, tukafuatana kwenda kusali.